Gari Jekundu la Zombe

Najua utakavyoniangalia nikimaliza. Wengi wameniangalia hivyo, wakakohoa, wakabadilisha mazungumzo. Lakini mimi ni muuza mabati pale Sultan Hamud, mzee wa kanisa, sinywi pombe, na sioni nitapata nini nikikudanganya. Mke wangu Mumbua yuko hai. Ukikutana naye muulize, atakwambia aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe. Na usidhani ni mambo ya usiku, kama watu wanavyopenda kusimulia. Yalitokea mchana, saa tano, jua la Kitui likichoma kila kitu mpaka mbuzi wanagombania kivuli.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwezi wa tisa, kabla mvua haijaanza. Wakati huo nilikuwa na ugonjwa mmoja tu: magari ya mbio. Nikiwa mtoto tulikuwa tunaamka alfajiri kwenda kusimama kando ya barabara tuyaone yakipita. Tunameza vumbi, tunarudi nyumbani macho mekundu, na tunafurahi wiki nzima. Kwa hiyo mteja wangu mmoja aliponiambia kwamba Zombe kuna gari jekundu la mbio, milango miwili, mwenyewe amekufa na mjane anauza, nilikosa usingizi.

"Gari la watu wawili?" Mumbua aliniuliza. "Na hawa watoto wanne utawabeba wapi? Juu?"

Yeye alitaka pikapu ya kubebea mabati. Alikuwa na haki, lakini ni nani humsikiliza mke wakati moyo umeshaingia gari?

Fundi Kyalo, aliyekuwa akinitengenezea lori langu kuukuu, ndiye aliyenipa shauri. "Gari ya mtumba ni kama mchumba," aliniambia. "Usiangalie sura. Uliza kwao. Ilikuwa ya nani, ilianguka wapi, ilichomelewa wapi. Rangi inaficha mambo mengi, ndugu yangu." Nikachukua karatasi nikaandika maswali yangu, moja baada ya lingine, kama mtu anayekwenda mahakamani.

Mama Mwende, yule mjane, alinipokea vizuri. Alikuwa mama wa miaka kama arobaini, mtulivu, mwenye kusema kidogo. Shemeji yake Musyoka ndiye aliyevuta turubai. Nisikufiche, moyo uliruka. Gari lilikuwa chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, chini kabisa kama chui aliyelala, jekundu hata chini ya vumbi. Vioo vilikuwa vimejaa uchafu, huoni ndani. Nililala tumboni nikaangalia chini. Nikagonga bodi kwa kifundo cha kidole, pole pole, nikisikiliza. Kila mahali palilia kama debe tupu. Lakini madigadi ya mbele, lile bati la juu ya gurudumu, upande wa kushoto, haikulia. Ilitoa sauti nzito, kama kugonga ukuta wa udongo.

"Mama, hapa paligongwa?"

"Mimi mambo ya gari sijui," alisema. "Mume wangu Mwanzia alikuwa hataki hata niiguse."

Akaniletea kitabu cha gari, kile kinachoandikwa majina ya wote waliolimiliki. Yalikuwa matatu. Mzungu mmoja wa Nairobi, karani mmoja wa Machakos, halafu Mwanzia, mume wake. Nikamuuliza Mwanzia alikufa vipi. Akasema ni moyo. Hakuongeza neno, nami nikaona si adabu kumchimba mjane.

Gari halikuwa na betri. Musyoka akapanda baiskeli kwenda kuazima moja kwa mwenye kinu cha unga, na Mama Mwende akaingia jikoni kupika chai. Nikabaki peke yangu. Ningefanya nini? Nikafungua mlango wa dereva, nikaketi.

Kulikuwa na mtu upande wa kushoto.

Alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, kola imesimama, mikono juu ya magoti. Nikafikiri ni ndugu wa marehemu, labda dalali. Hata aibu ilinishika kwamba nimeingia bila kubisha.

"Wakya?" nikamsalimu kwa Kikamba.

"Aa," akaitikia. "Funga mlango, vumbi inaingia."

Nikafunga. Nimeufunga mlango ule mara elfu katika ndoto zangu, na kila mara nataka kuurudisha mkono, na kila mara nafunga.

"Ni wewe unauliza hii gari ilitoka wapi?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Wengine waliokuja waliuliza inakimbia aje, peke yake. Washa."

"Haina betri, bwana."

"Washa tu."

Nikageuza ufunguo, na likanguruma mpaka nikahisi meno yangu yakitetemeka. Nikajiambia labda betri ya zamani ilikuwa na moto kidogo uliobaki. Unaona jinsi mtu anavyojidanganya akitaka kitu? Nikaingiza gia, tukatoka.

Yule bwana alianza kunieleza, na niamini, alieleza kuliko kitabu chochote. Mzungu alibadilisha gia boksi kwa sababu hii. Karani wa Machakos alilipiga rangi upya, lakini chini yake kulikuwa na rangi ya samawati. Mafuta yalikuwa yakivuja hapa, yakazibwa na fundi fulani. Nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu ametumwa na Mungu. Nikatoa karatasi yangu mfukoni kwa mkono mmoja.

"Na hii madigadi ya kushoto," nikasoma swali langu, "iligonga nini?"

Akaitazama barabara. Halafu akasema, "Hiyo ndiyo tunaenda kuona."

Hapo ndipo nilipoangalia barabara vizuri. Mbele yangu kulikuwa na milima ya Nzaui. Unaijua? Nami naijua, kwa sababu njia ile ya Kalamba nilikuwa napeleka mabati kila mwezi. Kutoka Zombe mpaka kule ni safari ya kumaliza nusu siku, na unavuka mto Athi. Sisi tulikuwa tumeendesha dakika kumi, na mto sikuuona.

Nikakanyaga breki. Ikazama mpaka sakafuni kama unakanyaga unga uliokandwa. Nikashika kitasa cha mlango. Kikazunguka bure, hakishiki kitu. Nikazungusha mkono wa dirisha, nikazungusha, nikazungusha, na kioo hakikushuka hata unene wa ukucha. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, na gari likaendelea kwa mwendo ule ule.

Joto likaanza. Sijui nikwambieje kuhusu joto lile. Jasho lilinitoka mpaka viatu vikaloa. Pumzi ikawa fupi, na kila nikivuta hewa naona ni ile ile niliyoitoa. Nikageuka kumwangalia mwenzangu. Kola yake ilikuwa bado imesimama. Hakuwa na tone moja usoni.

Nikaomba. Niliomba kwa sauti, kama mzee wa kanisa, nikakemea, nikataja jina la Yesu. Yeye alingoja mpaka nikamaliza, na hata amina alisema.

"Na mimi niliomba," akaniambia. "Humu humu ndani. Haikufunguka."

"Wewe ni nani?"

"Jina langu umesoma kwa kitabu. La tatu."

Sikupiga kelele. Watu hufikiri mtu hupiga kelele. Mimi nilikaa tu, mikono kwenye usukani, kama mtoto aliyeambiwa asitikisike.

Halafu jua likashuka. Kufumba na kufumbua ilikuwa jioni, vivuli virefu barabarani, na mbele yetu akatokea msichana. Alikuwa akitembea miguu mitupu kando ya njia, viatu vyake vyeupe ameshika mkononi ili visichakae. Nikavuta usukani kwa nguvu zangu zote. Ulikuwa umekaza kama umechomelewa. Nikapiga honi, hailii. Nikaita, "Dada! Toka!" Alikuwa karibu mpaka nikaona kitambaa chake cha kichwa.

Sitakwambia ile sauti. Nimemwambia Mumbua peke yake, na nilijuta.

Gari likasimama, na Mwanzia akasimulia akiangalia mbele tu. Alisema msichana hakufa pale pale. Alimbeba akamkalisha kwenye kiti hicho alichokaa yeye sasa, akageuza gari akimbilie hospitali. Njiani msichana alimwambia jina lake, Ndinda, na akaomba apelekwe kwa mama yake. Halafu akanyamaza. Mwanzia alipoona amenyamaza, woga ukamwingia. Akarudi naye mpaka penye kijia cha kwao, pale Kalamba, akamlaza kando ya barabara, akaenda zake. Kiatu kimoja kilibaki garini.

"Kiko nyuma, chini ya spea taya," akasema. "Halafu nikasikia wameshika kijana anaitwa Mutinda, mchumba wake. Siku hiyo walikuwa wamegombana sokoni, watu wakasikia. Wakasema amempiga akamtupa. Wakachoma nyumba yake, akatoroka. Mimi nikanyamaza. Miaka miwili nilikuwa nakaa ndani ya hii gari nikisema kesho nitaenda niwaambie. Sasa wewe enda."

"Kwa nini mimi?"

"Si wewe uliuliza?"

Hewa ilikuwa inaisha. Nikasema nitaenda.

"Lini?"

"Kesho."

Alinigeukia kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa na huzuni kuliko uso wowote niliowahi kuona. "Kesho ndiyo ilinifunga mimi," akasema.

Nikaapa. Nikasema Mungu ni shahidi wangu, nitaenda.

Mlango ukafunguliwa kutoka nje, nikaanguka chini kwenye vumbi la boma la Mama Mwende. Musyoka alikuwa amesimama juu yangu. Baiskeli yake ilikuwa nyuma, betri bado imefungwa kwenye kereya.

"Mzee, una shida gani? Tumegonga kioo mpaka mkono unaniuma! Unazungusha steringi tu kama mtoto."

Gari halikuwa limesogea hata hatua moja. Kamba ya turubai ilikuwa bado imefungwa kwenye bampa. Nikageuka nikaangalia ndani, upande wa kushoto. Hakukuwa na kiti. Palikuwa na matundu manne ya skrubu sakafuni, nyasi kavu, na kuku mwekundu ameatamia mayai. Kuku akaniangalia. Yai hata moja halikuvunjika.

"Hicho kiti Mwanzia alikitoa mwenyewe akakichoma moto," Mama Mwende akasema, kikombe cha chai mkononi. "Sikujua ni kwa nini. Baadaye tukamkuta amekufa humo ndani, mchana, milango imefungwa. Alikuwa hapo ulipokaa. Pole, baba. Ningekwambia mapema."

Nikazunguka nyuma, nikafungua buti, nikainua spea taya. Kulikuwa na gazeti lililokunjwa, na ndani yake kiatu cheupe cha kike, kimoja, cha mguu wa kushoto. Mama Mwende alikiona. Nikaona uso wake ukifunga, kwa sababu mwanamke yeyote angefikiri alichofikiri. Nami ningeweza kusema neno moja tu. Badala yake nikasema, "Labda ni takataka," nikakitia kwenye mfuko wangu, nikaaga bila kunywa chai.

Sasa ngoja nikwambie sehemu ambayo naona aibu nayo. Nilikwenda Kalamba kesho yake? Sikwenda. Nilifika Sultan Hamud nikakiweka kiatu kwenye droo ya duka, chini ya risiti. Nikajiambia, nani ataniamini? Nikajiambia, mtu anayekwenda kwa watu na kiatu cha maiti mkononi, wao watasema nini? Watasema ni yeye. Nikajiambia, ngoja mvua iishe barabara ikauke. Ikakauka. Nikajiambia, ngoja Krismasi ipite.

Na kila gari nililopanda, mlango haukufunguka kwa mkono wangu. Matatu, lori langu mwenyewe, hata gari la mchungaji. Lazima mtu wa nje anifungulie. Mwanzoni watu walicheka, wakadhani nimekuwa bwana mkubwa. Baadaye mlango wa choo cha nyumbani, kisha ule wa stoo. Nilikwama stoo saa tatu nzima kati ya mabati yaliyoshika moto wa jua, nikiita, na Mumbua yuko sokoni. Nilikaa pale nikahesabu pumzi zangu, na bado nikatoka nikasema nitaenda wiki ijayo.

Ulipotimia mwezi wa saba tangu siku ile ndipo Mumbua alipokipata kiatu, akitafuta risiti. Akakiweka mezani mbele yangu.

"Cha nani?"

Niliona usoni mwake sura ile ile ya Mama Mwende. Nikamwambia yote, kama ninavyokwambia wewe. Alisikiliza bila kunikatiza. Mimi nilitegemea aseme nimerukwa na akili. Yeye alisema, "Na umekaa nacho miezi saba?"

Asubuhi iliyofuata tulikuwa njiani kwenda Kalamba. Yeye ndiye aliyenifungulia mlango tulipofika.

Mama yake Ndinda alikuwa ajuza mwembamba, akipura mbaazi uani. Watu walimwita Susu, bibi, nasi tukamwita hivyo. Mumbua ndiye aliyeanza kuzungumza, kwa Kikamba, kwa upole. Alipofika kwenye habari ya kiatu nikakitoa. Susu akakitazama, akaingia nyumbani, akakaa sana. Alirudi na karatasi ya nailoni, na ndani yake mwenzake, cha mguu wa kulia. Akaviweka chini pamoja.

Hakulia. Alisema, "Kwa hivyo si Mutinda." Halafu akakaa chini juu ya maganda ya mbaazi. "Tulichoma nyumba yake. Mimi ndiye nilileta kiberiti."

Nikamuuliza Susu, mama mzazi wa Mutinda yuko wapi, ili nimwambie na yeye.

"Tumemzika," alisema. "Sasa ni wiki tatu. Miaka minne hakuna mtu alichota maji pamoja na yeye. Kanisani alikuwa anakaa benchi peke yake. Alipokufa, hakuna mtu wa hapa alienda kuchimba kaburi. Wachimbaji walitoka mbali."

Wiki tatu. Ukipiga hesabu ya miezi saba, wiki tatu ni nini?

Susu mwenyewe alisimama kanisani Jumapili ile akasema mbele ya watu wote kwamba Mutinda hana hatia. Wakamtafuta mpaka wakampata Taveta, akarudi na mvi kichwani, na hakuwa na miaka thelathini. Alikuja dukani kwangu. Nilifikiri amekuja kushukuru, nikamwekea kiti. Hakuketi.

"Mama yangu aliomba miaka minne," aliniambia, "Mungu amletee mtu mmoja tu wa kusema ukweli. Mungu akamleta. Halafu huyo mtu akakaa hapa akauza mabati."

Akaenda zake. Sijawahi kumwona tena.

Kwa Mama Mwende tulikwenda pia, Mumbua na mimi. Alisikia yote ameinamisha kichwa. "Miezi saba nimemlaani juu ya mwanamke mwingine," alisema. "Sasa hata sijui nimlaani kwa nini." Gari halikuwepo tena. Musyoka alikuwa amelipeleka kwa mnunuzi mmoja wa mbali, na alisikia limepakwa rangi nyeusi.

Milango sasa inanifungukia. Tangu siku ile ya Kalamba haijanikatalia hata mara moja. Lakini siwezi kukaa mahali palipofungwa. Duka langu halina mlango wa mbele, nimeung'oa, na tunalala dirisha wazi hata wakati wa baridi, Mumbua akijifunga blanketi mbili. Na kila ninapopita Kalamba napitia kwenye lile kaburi lililochimbwa na wageni. Nang'oa magugu. Simwambii kitu aliyelala pale, maana nilikuwa na kitu cha kumwambia, na sikumwambia.

Kwa hiyo wewe unayetaka gari la mtumba, uliza. Gonga bodi, soma kitabu, uliza kila jina lililoandikwa ndani yake. Lakini ujue kwamba swali ni mlango, na ukishauliza huna ruhusa ya kutosikia jibu. Na ukipewa neno la kupeleka kwa mtu, liwe limetoka kwa aliye hai au kwa aliyekufa, usingoje barabara ikauke. Vaa viatu, uende leo.